Chini ya Nyaya za Manyoni, Panga Lichague

Laini kuu ya umeme inayotoka Iringa, ikapita Dodoma na Singida hadi Shinyanga, ina urefu wa takribani kilomita 670 na inabeba msongo wa kilovolti 400. Kabla yake nyanda hizi za kati zilitegemea laini ya kilovolti 220 iliyoleta umeme wa Mtera, na hadi leo nguzo za chuma za laini hiyo zipo. Kila laini ya aina hii ina mkuza wake, ukanda wa ardhi ambao mtu haruhusiwi kujenga nyumba wala kuacha mti mrefu usimame. Tuseme mkuza una upana wa mita 50. Kila kilomita moja ni hekta tano, na kilomita 670 ni zaidi ya hekta 3,300. Hapo tumehesabu laini moja tu. Kuna laini ya Singida hadi Namanga, kilomita 414 upande wa Tanzania, inayotuunganisha na Kenya. Kuna ya Chalinze hadi Dodoma, inayojengwa ili umeme wa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 ufike huku bara. Kuna reli ya kisasa ya umeme iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, na ambayo njia yake inaelekezwa Makutupora na Tabora. Kuna pia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linalokatiza mikoa ya Singida na Dodoma. Nyanda za kati zimekuwa njia panda ya miundombinu ya nchi, na kila mradi umekuja na ukanda wake wa kufyeka.

Kanda za laini hizo zote za umeme zinaweza kubaki makazi ya wanyama, ndege na nyuki bila umeme kukatika hata dakika moja zaidi. Naandika hivyo bila kusita, kwa sababu ujuzi unaotakiwa tayari uko vijijini Dodoma na Singida, mikononi mwa watu wanaojua kila kisiki kwa jina. Tatizo liko kwenye mikataba ya ufyekaji, ambayo humwambia kibarua asafishe na haimwambii achague.

Tuanze na hofu ya mhandisi, kwa sababu ni hofu ya haki. Umeme wa msongo mkubwa hauhitaji kuguswa na tawi ili ulete hitilafu. Tawi likisogea karibu mno, umeme huruka hewani na kulifikia. Waya wenyewe hautulii mahali pamoja. Mchana wa Oktoba, jua la Dodoma likiwaka na mzigo wa umeme ukiwa mkubwa, waya hupata joto, hurefuka na kulegea, na mti uliokuwa salama saa moja asubuhi unaweza kuwa hatari saa nane mchana. Tarehe 14 Agosti 2003, huko Ohio nchini Marekani, laini za kilovolti 345 zililegea zikagusa miti ambayo haikuwa imepunguzwa. Hitilafu zilifuatana, na watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme. Tangu siku hiyo, msimamizi wa laini popote duniani akiona mti chini ya waya halali vizuri. Simlaumu.

Lakini hofu hiyo inahusu urefu wa mmea. Kichaka cha mkole chenye kimo cha mita mbili hakimtishi mtu yeyote anayejua hesabu za laini. Hata hivyo kibarua aliyepewa kilomita zake na siku zake hukifyeka pamoja na mgunga, pamoja na mche wa mkwaju, pamoja na kila kitu kilichosimama, kwa sababu kipimo cha kazi yake ni weupe wa ardhi anayoiacha nyuma.

Tazama kinachofuata. Chukua kisiki kimoja cha mkulagembe, ambao huku wengi wanauita mtunduru. Ulikuwa na shina moja lenye unene wa kifundo cha mkono. Umekatwa kwa panga kwenye kimo cha goti wakati wa kiangazi, chakula chote cha mmea kikiwa kimehifadhiwa mizizini. Mvua za Desemba zikianguka, pale palipokatwa yanatoka machipukizi mengi kwa mpigo, yamesimama wima, yamejaa miiba. Mita moja pembeni, udongo unapasuka na chipukizi jingine linatoka kwenye mzizi. Ukilikwangua gome kwa ukucha unakuta kijani kibichi kabisa. Baada ya misimu miwili, mahali palipokuwa na shina moja pana kichaka ambacho mbuzi hawezi kukipenya, na mkandarasi anaitwa tena. Ufyekaji wa kiangazi wa namna hii unaulea mkulagembe.

Upande wa pili kuna nyasi. Kivuli kikiondoka, nyasi hujaa. Mvua huisha Aprili, na kufikia Septemba nyasi hizo ni kavu na zinafika kiunoni. Anayechoma shamba lake upande mmoja wa mkuza hawezi kuuzuia moto usiingie. Moto mkubwa chini ya laini una madhara yanayofahamika vizuri na wataalamu: hewa ya moto na moshi mzito hupunguza uwezo wa hewa kuzuia umeme, na umeme huweza kuruka, laini ikajikata. Kwa maneno mengine, mkuza uliosafishwa ili kuulinda umeme unaweza kuwa uchochoro wa moto unaoukata umeme huohuo.

Hapa ndipo vichaka vya Itigi vinapohitaji kueleweka. Kuanzia Manyoni kwenda magharibi, juu ya udongo wa mchanga uliokaza, kuna aina ya pori ambayo nje ya hapa inapatikana tena kaskazini mwa Zambia, karibu na Sumbu, basi. Ni pori fupi, kimo chake kwa kawaida mita tatu hadi tano, limesongamana kiasi kwamba mtu hupita kwa kuinama. Halina nyasi za maana chini yake, kwa hiyo moto ukifika ukingoni hukosa cha kula. Mimea yake kadhaa ina jina la mtu mmoja, Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o ya wakati wa mkoloni: Burttia prunoides, Baphia burttii, Grewia burttii. Burtt aliitembea nchi hii kwa miguu akiandika pori gani linafuga mbung'o na lipi haliwafugi. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege pamoja na mkuu wake wa kazi, Charles Swynnerton.

Ukilipasua pori la Itigi kwa ukanda mweupe, nyasi huingia, na nyasi huingiza moto mahali ambapo hapakuwa na moto. Kingo huungua mwaka hadi mwaka, na ukanda wa mita 50 hupanuka bila mtu yeyote kushika panga. Barabara ya matengenezo nayo huwa mlango wa mkaa. Wachoma mkaa hawapendi kubeba magunia ndani ya vichaka. Ukiwapa njia ya pikipiki, watakuja. Ningekuwa na uwezo wa kubadili jambo moja tu katika mikuza inayopita kwenye pori la namna hii, ningeanza na barabara hizo: ziwe chache na nyembamba, na zifungwe kwa geti au kwa miiba pale zinapotoka barabara kuu.

Je, pori la mita tatu hadi tano linaweza kuachwa chini ya kilovolti 400? Inategemea mahali. Waya uko juu sana karibu na nguzo, kisha hushuka na kuwa chini zaidi katikati ya nguzo mbili. Hapo katikati nafasi ni ndogo, na ni sawa mimea iwe mifupi, ya kimo cha magoti hadi kiuno. Karibu na nguzo na kwenye kingo za mkuza, vichaka virefu kidogo havina madhara, ilimradi miguu ya nguzo yenyewe iwe wazi kwa ajili ya mafundi. Pale ardhi inapobonyea, kwenye makorongo au kwenye mteremko wa bonde la ufa kati ya Bahi na Manyoni, ambako reli ya zamani hupanda kutoka Saranda, waya unaweza kupita juu kabisa ya vilele vya miti. Kufyeka makorongo kama hayo ni kupoteza fedha, na ni kuondoa miti ileile inayoshika kingo za mito ya msimu.

Mpangilio huu una historia ndefu. Huko Pennsylvania, Marekani, wawindaji walilalamika kwamba dawa za kuua magugu chini ya nyaya zinawaharibia maeneo ya kulungu. Mwaka 1953 watafiti William Bramble na William Byrnes wakaanza majaribio kwenye mkuza mmoja ili kupima madai hayo, na majaribio hayo yakaendelea kwa miongo mingi baada yao. Walichogundua ni kwamba ukiondoa miti mirefu mmoja mmoja na kuacha vichaka, vichaka vyenyewe hugeuka walinzi wa laini. Vinashika ardhi na kuinyima miche ya miti mirefu mwanga, na kadiri miaka inavyopita kazi ya kukata hupungua. Dodoma si Pennsylvania. Hatuna theluji, tuna mbuzi. Lakini kanuni ya mwanga ni ileile: mche wa mgunga unataka jua kali, na chini ya kichaka kilichofunga vizuri hauendi mbali.

Hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta kanuni ya kuchagua. Idara ileile ya Swynnerton iliyokuwa na makao yake Shinyanga ilijaribu njia nyingi za kupambana na mbung'o, na mojawapo ilikuwa kukata aina fulani tu za miti, zile ambazo mbung'o walizitegemea, na kuacha nyingine. Kwingineko walikata kila kitu. Shinyanga ililipa gharama ya ufyekaji wa jumla kwa miaka mingi: kuni zikawa za shida, malisho ya kiangazi yakakosekana, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na kuurudisha utaratibu wa Wasukuma wa ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilipata uoto tena, kwa sehemu kubwa bila kupanda mti hata mmoja. Mizizi ilikuwepo ardhini siku zote.

Dodoma nayo ina kisiki hai. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation lenye makao Mpwapwa, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likiwafundisha wakulima wa mkoa huu kufufua visiki vilivyolala mashambani. Mkulima anakitafuta kisiki chenye uhai, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anaweka alama ili majirani na wachungaji waone, kisha anayatunza. Asili ya njia hii ni kazi aliyoianza Tony Rinaudo nchini Niger mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini kwa Mgogo anayeufahamu uwanda wake haikuwa ngeni sana.

Sasa mchukue mkulima huyo umpeleke kwenye mkuza. Anajua kisiki kipi kitatoa mkwaju utakaofika kwenye waya na kipi kitatoa mkole utakaoishia begani. Anachohitaji ni kuugeuza ujuzi wake: mashambani anaulea mti mrefu na kupunguza vichaka; mkuzani ataviacha vichaka na kuushughulikia mti mrefu peke yake, akiukata chini kabisa, mvua zikiwa zimekolea na majani yamekwisha kufunguka, wakati mizizi imetumia akiba yake. Mti uliokatwa wakati huo hurudi kwa unyonge. Akiurudia mara mbili au tatu, mara nyingi hufa. Kabla ya kukata, akague kiota, maana mvua ndiyo majira ya ndege kuzaa. Kukagua miti michache iliyowekwa alama kunawezekana. Anayefyeka hekta nzima hakagui chochote.

Na ni nani anayefaidika na vichaka hivyo? Digidigi, kwanza. Mnyama huyu huishi dume na jike katika eneo dogo wanalolijua kila pembe, na maisha yake yote ni kuchungulia kutoka kichakani na kurudi kichakani. Ukanda mtupu kwake ni ukuta. Kware na kanga hukimbilia vichaka mwewe akipita. Nyuki wanafuata maua, na wilaya ya Manyoni ni nchi ya asali. Kwenye mkuza wenye vichaka vinavyochanua kwa zamu, mfugaji anaweza kuweka mizinga pembeni, umbali salama kutoka kwenye nyaya. Kwenye vilima vya mawe kuna kobe bapa anayejibanza ndani ya nyufa, mmoja wa kobe walio hatarini zaidi duniani. Yeye hutoka mwambani kutafuta majani, na anahitaji uoto kati ya jiwe na jiwe ili asiokotwe na mwewe au na mtu.

Kuna tembo pia. Kusini mwa Manyoni liko Pori la Akiba la Muhesi, linalopakana na Kizigo na kuendelea hadi Rungwa na Ruaha. Kaskazini mashariki, upande wa Chemba na Kondoa, liko Swagaswaga. Ushoroba wa Muhesi na Swagaswaga umo katika orodha za watafiti wetu kwa muda mrefu. Mnyama anayetoka pori moja kwenda jingine hana namna ya kukwepa barabara, reli na nyaya. Kwenye maeneo hayo ya kuvukia, na hayo tu, ningetaka vichaka viachwe vifike kimo cha juu kabisa kinachoruhusiwa, kutoka ukingo hadi ukingo, ili mnyama avuke usiku akiwa amejificha. Kanuni za shoroba zilizotolewa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori zinatoa msingi wa kulizungumza jambo hili rasmi. Ramani za shoroba na ramani za laini ziwekwe juu ya meza moja.

Ndege wakubwa wana shida ya aina nyingine. Umeme vijijini umefika karibu kila kijiji, na nguzo fupi za usambazaji zimeingia kwenye mashamba ya alizeti na mtama ambayo hayana mti. Tai anatafuta mahali pa juu pa kutua. Nguzo ndiyo pekee iliyobaki. Bawa moja likigusa waya na jingine chuma, amekufa, na mara nyingi kijiji kizima kimekosa umeme. Dawa kamili ni kufunika nyaya na vishikizo vya hatari, lakini mti nao una kazi. Mbuyu ulioachwa nje ya mkuza unampa tai mahali pa kutua palipo bora kuliko nguzo, na mashimo yake huwapa viota kasuku wadogo wenye shingo ya njano, ambao asili yao ni Tanzania tu. Mbuyu hukua polepole. Tawi lake lililoelekea kwenye waya likikatwa vizuri mara moja, fundi hatarudi karibuni. Kwa heroe wa maziwa ya Singida, Kindai na Singidani, mimea haisaidii lolote. Hao huruka usiku, na wanahitaji alama juu ya nyaya zenyewe.

Wapo watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Mkulima wa uwele atasema vichaka vya miiba ndivyo vinavyowapa kwelea kwelea mahali pa kuzalia, na Dodoma na Singida tunajua kundi moja la ndege hao linavyoweza kumaliza shamba kabla ya saa nne asubuhi. Ana haki. Karibu na mashamba ya nafaka, migunga michanga iliyosongamana iondolewe, na mkuza ubaki na mikole na nyasi fupi. Wazazi watasema vichaka karibu na shule vinaficha nyoka na fisi. Nao wana haki. Mita mia kadhaa kuzunguka makazi ziwe wazi. Wafugaji watauliza malisho yako wapi. Kwao jibu liko kwenye ngitili: mkuza uliofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi hupunguza nyasi kabla hazijawa kuni za moto, na ng'ombe wanakuwa wafanyakazi wasiolipwa wa TANESCO, shirika la umeme. Hoja ninayoikataa ni ile ya kwamba kuchagua ni gharama. Vibarua watachukua muda mrefu mwaka wa kwanza, ni kweli. Lakini ufyekaji wa jumla hauna mwaka wa mwisho.

Mjini Dodoma tunafanya kosa hilohilo kwa kinyume chake. Tangu kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ianze mwaka 2017, miti mingi imepandwa kando ya barabara, na mingine ni mijohoro na miarobaini iliyopandwa moja kwa moja chini ya nyaya. Inastawi miaka minne, mitano, kisha msumeno unapita na kuikata vichwa. Fedha za umma zimepanda, fedha za umma zinakata. Ofisi inayotoa miche na ofisi inayosimamia laini zikikaa pamoja asubuhi moja kabla ya msimu wa kupanda, miti mifupi itaenda chini ya nyaya na mirefu upande wa pili wa barabara.

Kwa laini kubwa, marekebisho ninayoyataka ni ya kwenye karatasi. Mkataba wa ufyekaji uwe na orodha ya miti ya kukatwa na orodha ya vichaka vya kuachwa, kwa majina ya Kigogo, Kinyaturu na Kinyiramba, maana hayo ndiyo majina anayoyajua mwenye panga. Malipo yapimwe kwa kimo cha mimea baada ya mvua mbili. Vikundi vya kisiki hai vilivyo kando ya laini vipewe kipande chao cha kudumu, ili anayekata mwaka huu ndiye atakayekuta machipukizi mwaka ujao. Mitambo ya kusukuma udongo isiingie kwenye pori la Itigi kabisa. Magari na mashine zinazotoka kwenye kazi za upande wa Arusha zioshwe kabla ya kuingia Singida, kwa sababu gugu karoti husafiri kwa matope ya matairi, na likishaingia kwenye ardhi iliyokwanguliwa halitoki.

Pa kuanzia papo. Upande wa magharibi wa mteremko wa Saranda, kabla ya kuingia Manyoni mjini, zitengwe kilomita kumi za mkuza: tano zifyekwe kama kawaida, tano zifyekwe kwa kuchagua. Misimu mitatu ihesabiwe siku za kazi, lita za mafuta, hitilafu za laini, moto ulioingia, na nyayo za digidigi kwenye mchanga wa barabara ya matengenezo. TANESCO itunze hesabu za laini, watafiti wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wahesabu wanyama, na serikali za vijiji zisimamie vikundi. Laini ya Chalinze hadi Dodoma itakapokabidhiwa na kuingia kwenye ratiba ya matengenezo ya kila mwaka, matokeo ya misimu hiyo yawe yameshaandikwa kwenye mkataba wake wa kwanza wa ufyekaji.